Mwaridi na Swali la Asili

Katika maswali ambayo watu huulizana kila siku, hapana lililo jepesi mdomoni na zito moyoni kama hili: "Asili yako ni wapi?" Mwenye kuuliza huenda hana nia mbaya, pengine ataka kujua tu. Lakini mwenye kuulizwa mara nyingi husita kabla ya kujibu, kwa kuwa anajua kwamba jibu lake litatiwa katika mizani, na kwamba kitakachopimwa katika mizani hiyo ni heshima yake. Wewe msomaji kijana, ikiwa hujaulizwa swali hili, utaulizwa. Na ikiwa umekwisha kuulizwa, yamkini nawe umekwisha kumwuliza mwenzako. Basi natulifikiri pamoja. Na kwa kuwa ni swali lenye miiba, tuchukue mti wenye miiba uwe mwalimu wetu. Mti huo ni mwaridi.

Tuseme unatembea katika Mji wa Kale wa Mombasa wakati wa alasiri, jua limekwisha kupungua ukali. Umeiacha Ngome ya Yesu nyuma yako, umepita Ndia Kuu, na kutoka hapo umechepuka katika vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana mmoja hana budi kujibanza ukutani. Juu ya kichwa chako zimetokeza roshani za mbao. Mlangoni pa nyumba moja, ndani ya debe kuukuu lililotobolewa tundu chini ili maji yasituame, umesimama mwaridi mfupi, ambao kimo chake hakizidi kimo cha mtoto mdogo. Maua yake ni machache, lakini harufu yake imekutangulia mpaka mwanzo wa kichochoro.

Ndani ya nyumba wanawake wanatengeneza vikuba kwa ajili ya arusi ya usiku. Kikuba, kwa msomaji asiyekijua, ni shada dogo la maua na majani yenye harufu nzuri, yaliyotungwa au kufungwa pamoja, ambalo mwanamke hujipamba nalo. Kwenye sinia kuna asumini, rehani, mkadi, kilua na waridi. Mtoto wa kike aliyepewa kazi ya kuyatenga maua anainua kichwa na kuuliza: "Bibi, katika maua haya yote, lipi lililo letu hasa?" Bibi haachi kazi yake, sindano inaendelea. "Nusa kwanza, mjukuu wangu," anasema, "kisha uniambie wewe."

Jibu la bibi lina hekima, lakini lisitufanye tulikimbie swali. Mtoto ameuliza kwa haki, naye astahili kujibiwa kwa haki. Natuyatazame baadhi ya maua hayo, moja baada ya jingine.

Kilua ni mwenyeji asiye na shaka. Mti wake, mkilua, humea katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wanawake wa Kiswahili walilijua ua lake muda mrefu kabla ya wataalamu wa mimea kulijua. Mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipouingiza mti huu katika elimu ya mimea, hakuona haja ya kwenda mbali kuutafutia jina. Alilichukua jina la Kiswahili kama lilivyo, akauita Mkilua. Asumini, kwa upande wake, ni mgeni wa zamani. Nchi yake ya kwanza ni Asia ya Kusini, na jina lake lilipita katika vinywa vya Waajemi na Waarabu kabla ya kufika katika vinywa vyetu.

Na waridi je? Hapa ndipo penye funzo kubwa. Mashuhuri kuliko mawaridi yote katika kazi ya marashi ni lile liitwalo waridi la Dameski, kwa jina la mji wa kale wa Shamu. Katika milima ya Jabal Akhdar, huko Omani, wakulima huchuma maua yake mapema asubuhi, kabla jua halijayanyang'anya harufu, wakayapika mpaka mvuke wake ugeuke maji ya waridi. Marashi ya namna hiyo ndiyo wanyunyiziwayo wageni kwa mrashi katika arusi na maulidi za mwambao wetu. Katika nchi za Bulgaria na Uturuki maua hayohayo hukamuliwa mafuta, na ili kupata kilo 1 ya mafuta huhitajiwa kilo 3,000 za maua, au hata zaidi. Ni machache sana maua ambayo ulimwengu umekubali kuyagharimia hivyo.

Kwa muda mrefu watu walibishana juu ya nasaba ya ua hili. Mwaka 2000 wataalamu wa Kijapani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vyake, yaani ule urithi ambao kila kiumbe hukabidhiwa na wazazi wake na kuubeba ndani ya chembe za mwili. Walikuta kwamba waridi la Dameski si la ukoo mmoja, wala si la koo mbili, bali ni la koo tatu. Ukoo wa kwanza ni wa mwaridi mfupi wa Ulaya ya Kusini na Uturuki, mwenyeji wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Ukoo wa pili ni wa mwaridi wenye harufu ya miski, uliopendwa tangu kale katika bustani za Asia ya Magharibi. Ukoo wa tatu ni wa mwaridi wa mwituni wa Asia ya Kati. Hivyo ua ambalo washairi wa lugha nyingi wamelifanya mfano wa ukamilifu, ni chotara.

Wala si hilo peke yake. Miwaridi tuionayo leo katika bustani na madebe yetu ni ya namna nyingi, lakini iliyo mingi ni machotara vilevile. Miwaridi ya zamani ya Ulaya, iliyo mingi, ilichanua mara moja tu kwa mwaka. Miwaridi ya Uchina ilichanua tena na tena. Katika karne ya 18 na ya 19 miwaridi hiyo ya Uchina ilipelekwa Ulaya, na wakulima wa maua wakaioza na ile ya huko. Mwaka 1867 Mfaransa Jean-Baptiste Guillot alitoa waridi aliloliita La France, na wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa. Kama debe lile la kichochoroni linachanua miezi mingi ya mwaka, shukrani moja ni ya bibi anayelimwagilia, na shukrani nyingine ni ya ndoa zilizofungwa baina ya miti ya mabara mawili.

Sasa tazama jinsi ulimi wa mwanadamu usivyokuwa na msimamo. Likitajwa ua kuwa ni chotara, bei yake hupanda. Akitajwa mtu kuwa ni chotara, macho yake huinama. Neno ni lilelile, na maana yake ni ileile, lakini katika bustani ni sifa na barazani ni tusi. Pengine nawe umepata kusikia posa iliyorudishwa, si kwa kuwa kijana ni mlevi au mvivu, bali kwa kuwa babu yake hakuwa wa watu fulani. Arusi ikafa, na waliobaki wakipendana wakabaki wakilia. Je, waliokataa posa ile hawakunyunyiziana marashi ya waridi katika arusi zao wenyewe?

Huenda ukasema: mtu si ua. Ni kweli, nami nakubali. Ua halina makaburi ya wazee wake wala halina jina la kulinda. Lakini ukisema hivyo umeongeza nguvu ya hoja yangu, hukuipunguza. Ua halikuchagua wazazi wake, wala mtu hakuwachagua wake. Katika hilo wako sawa. Lakini mtu ana kitu ambacho ua halina: anaweza kuchagua matendo yake. Ikiwa ua, lisiloweza kuchagua lolote, tunalihukumu kwa harufu yake na si kwa ukoo wake, yawaje mtu, mwenye uwezo wa kuchagua mema na mabaya, tumhukumu kwa jambo ambalo hakuchagua?

Tena, utazame mji wenyewe wa Mombasa. Wenyeji wake wa Kiswahili tangu zamani hujulikana kwa jina la Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, ambayo ni Miji Mitatu na Miji Tisa. Yasikilize baadhi ya majina yao: Wamvita, Wakilindini, Wachangamwe, Wapate, Wafaza, Wakilifi, Wamtwapa. Majina hayo ni ramani. Huyu jina lake lakumbusha kisiwa cha Pate, yule lakumbusha Kilifi, na mwingine Mtwapa. Na wote wakawa watu wa mji mmoja. Ngome iliyo mlangoni pa mji ilianzwa mwaka 1593 kwa amri ya Wareno, ramani yake ilichorwa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe ya hapahapa, mwaka 1698 ikaangukia mikononi mwa Waomani, kisha Waingereza wakaifanya jela, na leo ni jumba la makumbusho ambalo mtoto wa Mombasa huwaonyesha wageni kwa fahari na kusema, "Ngome yetu."

Hata lugha unayoisoma sasa ina habari hiyo. Neno "waridi" lilitoka kwa Waarabu. Lakini Mswahili alipotaka kuutaja mti wake alisema "mwaridi", na ilipokuwa mingi alisema "miwaridi", kama asemavyo mwembe na miembe, mkoko na mikoko. Mgeni aliingia katika sarufi ya Kibantu, akavikwa nguo ya nyumbani, akaketi na wenyeji. Jina la Kiarabu limebaki, na sarufi ya Kibantu imebaki. Hapana lililoliua jenzake.

Lakini iko methali moja ambayo hatuwezi kuipita kimya, kwa kuwa ni ya wazee wetu na ina uzito: Mwacha asili ni mtumwa. Mtu aweza kuishika methali hii kama fimbo na kusema, "Unaona? Wazee walituonya tusichanganyike." Je, ndivyo walivyosema? Hebu isome tena. Hawakusema mwenye asili mbili ni mtumwa, wala mwenye asili tatu. Walisema mwenye kuiacha. Na kuacha asili si kuwa nazo nyingi; kuacha asili ni kuikana moja uliyo nayo.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa na umri kama wako, mwalimu alituamuru tuandike insha juu ya asili zetu. Niliandika kurasa mbili juu ya babu yangu mzaa baba, aliyekuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut. Nilitaja bahari, tanga na nyota alizozifuata, mambo ambayo sikuyaona wala yeye hakunisimulia, kwa kuwa alifariki kabla sijazaliwa. Juu ya bibi yangu mzaa mama, Mgiriama wa Kaloleni, aliyenilea, aliyenipikia, na aliyenifunga vifungo vya shati kila asubuhi mpaka nikajua kuvifunga mwenyewe, sikuandika hata mstari mmoja. Sikusahau. Niliona haya. Jioni ile bibi, ambaye hakujua kusoma, aliniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea chote. Alisikiliza hata mwisho, akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu," kisha akachukua kopo la maji akaenda kuumwagilia mwaridi wake uliokuwa mlangoni katika debe. Sasa amekwisha kufariki, na ile mistari niliyomnyima siwezi tena kumsomea.

Niulize leo: siku ile ni nani aliyeacha asili? Si mama yangu aliyeolewa na mtu wa ukoo mwingine, wala si babu aliyevuka bahari. Ni mimi, niliyechukua nusu ya damu yangu nikaipandisha juu ya dari, na nusu nyingine nikaifungia stoo. Mwaridi hauwezi kutenda kosa kama hilo. Wataalamu walipousoma waliwakuta wazazi wote watatu wameandikwa ndani yake. Wa bustanini yumo, na wa mwituni yumo, wala hapana aliyefichwa kwa kuwa ni mnyonge. Chotara anayewataja wazee wake wote ameishika asili yake kwa ukamilifu kuliko mtu ajidaiye kuwa na asili moja baada ya kuzizika nyingine.

Lakini natusije tukapita kiasi upande wa pili, tukasema kwamba kila kitokacho mbali ni chema. Hapo juu ya mapaa ya Mombasa yuko kunguru, naye pia ni mgeni. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga vya kuku, na ndege wadogo wa kienyeji wamepungua alipozidi yeye. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hao kwa kiasi cha 1,000,000. Basi mwaridi ni mgeni na kunguru ni mgeni. Kwa nini mmoja tunammwagilia maji na mwingine tunamtega? Si kwa sababu ya walikotoka, kwa maana wote walivuka bahari. Ni kwa sababu ya wanachokitenda walipofika. Mmoja amechukua mahali padogo akatoa harufu. Mwingine amechukua mahali pa wenziwe na viota vyao.

Wazee walilijua jambo hili, ndiyo maana walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hii kana kwamba ni ya kumfukuza mgeni. Mimi naiona ni ya kumkaribisha kwa ukaribisho mkubwa kuliko ule wa kwanza. Siku mbili hupewa chakula, naye ni mgeni. Siku ya tatu hupewa jembe, na mwenye jembe mkononi ana sehemu katika shamba. Jembe hilo ndilo linalomgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Yeye asiyetaka kulishika, hata akiwa amezaliwa hapa na babu yake amezikwa hapa, amebaki mgeni katika kazi ya mji wake.

Lipo deni jingine nalo, ambalo mpenda waridi asilisahau. Ni deni la kilua. Si haki uzuri wa mgeni uwe sababu ya kumsahau aliyetangulia. Misitu ya pwani imekatwa sana, na baadhi ya iliyobaki imeponea katika kaya za Wamijikenda, ambazo wazee walizilinda kwa miiko yao hata mwaka 2008 ulimwengu ukaziingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Mwenye kuotesha mwaridi mlangoni na aoteshe pia mkilua uani. Ukarimu unaomtukuza mgeni na kumfukuza mwenyeji ni dhuluma. Na uenyeji unaomdharau mgeni mwema ni dhuluma vilevile. Kikuba kizuri hakichagui mojawapo ya dhuluma hizo. Hukiweka kilua mahali pake na waridi mahali pake.

Sasa unaweza kumjibu yule mtoto wa kike. Mwambie ukweli wote: kilua kilizaliwa hapa; asumini ilitoka Asia; waridi lina wazazi waliokutana mbali sana na hapa. Mwambie kwamba kuyajua haya ni elimu nzuri, na asichoke kuyatafuta. Kisha mwambie kwamba swali lake, "lipi lililo letu hasa?", halijibiwi kwa kutazama lilikotoka ua peke yake. Lajibiwa pia kwa kumtazama aliyelimwagilia. Maana liko jambo moja zaidi juu ya waridi chotara: ukipanda mbegu yake, hutapata ua lilelile. Atakaye ua lilelile hana budi kukata kitawi cha mti ulio hai, akakitia udongoni na kukitunza mpaka kitoe mizizi. Mchanganyiko mwema haudumu kwa bahati. Hudumu kwa mikono ya watu, wakipokezana, kizazi baada ya kizazi.

Nawe msomaji, siku utakapotaka kumwuliza mwenzako asili yake, jichunguze kwanza. Ikiwa wataka kusikia hadithi ya safari ya wazee wake, uliza, ukae, usikilize. Ikiwa wataka kumtia katika mizani, nyamaza. Na siku utakapoulizwa wewe, usitazame chini. Wataje wote: wa jahazini na wa shambani, aliyeacha jina na aliyeacha malezi tu. Na kama yuko mmoja wao angali hai, usingoje kuandika insha. Nenda ukamtaje mbele yake, apate kusikia.